Kabla ya Kuomba Mkopo wa Stoki ya Januari, Andika Unachodhani

Kila mwaka ikifika katikati ya Novemba, maswali tunayopata kutoka kwa wenye maduka hubadilika. Miezi mingine watu huuliza jinsi ya kurudishiwa pesa iliyoenda kwa namba isiyo yake, au kwa nini laini imefungwa. Novemba swali huwa moja: "Mnaweza kuniongezea kiwango cha mkopo?" Sababu tunaijua. Krismasi iko mlangoni, na nyuma yake kuna Januari ya shule. Anayeuza sare, viatu, masanduku, vitabu au sabuni anaona pesa inakuja na hataki imkute rafu zikiwa tupu.

Maoni yetu ni kwamba swali hilo huulizwa mapema mno. Kuna lingine linalofaa kutangulia, nalo halihitaji jibu letu: hesabu yako ya Januari imesimama juu ya nini?

Wafanyabiashara wengi wadogo tunaozungumza nao wanajua hesabu vizuri kuliko wanavyosifiwa. Mama anayeuza mboga atakutajia faida ya kreti ya nyanya kabla hujamaliza kuuliza. Kinachowaangusha ni yale waliyoyachukulia kuwa kweli bila kuyakagua. Hizo ndizo dhana. Hazionekani kwenye daftari, lakini ndizo zimelibeba daftari lenyewe. "Shule zitafunguliwa wiki ya kwanza." "Wazazi watanunua kabla ya kufungua." "Bei ya kununua itabaki ile ya mwaka jana." "Yule mwalimu mkuu atachukua sweta zake kama kawaida." Ukiziandika zote unaweza kushtuka zilivyo nyingi.

Tuweke mfano wa namba, maana bila namba mambo haya hubaki maneno matamu. Tuseme una duka la sare Kitengela. Una shilingi 50,000 zako, na mnamo Desemba 20 unakopa 70,000 za kulipa baada ya siku 30, kwa gharama ya asilimia 7. Utarudisha 74,900 kufikia Januari 19. Kwa hizo 120,000 unanunua sweta 200 kwa shilingi 600 kila moja, uuze 850. Kodi ya duka ni 15,000, msaidizi unamlipa 9,000, na umeme na vidogo vidogo vingine ni 3,000. Ukiuza zote unaingiza 170,000. Toa mkopo, toa kodi, msaidizi na vile vidogo, unabaki na 68,100. Elfu hamsini zilikuwa zako, kwa hiyo faida ni 18,100. Hesabu safi kabisa. Ukituonyesha hatutapata kosa.

Sasa tuiguse dhana moja moja tuone ipi inauma.

Kwanza bei ya kuuza. Jirani anafungua duka kama lako na unalazimika kushuka hadi 780. Ukiuza zote 200 unapata 156,000, unalipa kila mtu, na faida inabaki 4,100. Imekonda, lakini huna deni na mwenye nyumba hakutafuti. Halafu bei ya kununua. Ukienda mjini ukute sweta ni 650, pesa yako itachukua sweta 184 tu, na ukiziuza 850 utabaki na faida ya karibu 4,900. Umechoka kwa faida ndogo, lakini uko hai.

Sasa iguse tarehe. Shule zichelewe kufunguliwa, au wazazi wangoje wiki ya mwisho, na kufikia Januari 19 uwe umeuza sweta 90 tu. Umeingiza 76,500. Ukilipa mkopo unabaki na shilingi 1,600. Kodi, msaidizi na umeme ni 27,000. Umepungukiwa 25,400, na kwenye rafu kuna sweta 110 ulizozinunua kwa 66,000. Angalia vizuri hapo. Hujapata hasara. Kila sweta uliyouza ilikuletea faida ya 250 juu ya bei ya kununua. Sweta zako ni nzuri na zitauzika. Shida ni kwamba mwenye nyumba hapokei sweta.

Hapo ndipo tunaona biashara nzuri zikienda mrama. Tarehe ya shule ikisogea, tarehe ya mkopo haisogei. Na jambo la kushangaza ni kwamba wengi huhangaikia bei wiki nzima, wakipiga simu kwa wauzaji wanne kuokoa shilingi 20 kwa sweta, huku ile tarehe iliyobeba hesabu yote hakuna aliyeikagua.

Mtu atasema, lakini si kila mtu anajua Januari ni shule? Hebu tukumbushane tulikotoka.

Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Wanafunzi wote waliporudi Januari 4, 2021, walikuwa wanaendelea na mwaka wa masomo wa 2020, darasa lile lile, sweta ile ile. Mwaka mpya wa masomo ulianza Julai 26, 2021. Januari 2022 wanafunzi walirudi kwa muhula wa tatu, kwa hiyo hakuna aliyepanda darasa, na mwaka wa masomo wa 2022 ukaanza Aprili 25. Mwaka wa 2023 ulianza Januari 23. Mwenye duka wa mfano wetu, kama angekopa Desemba 20, 2022, mkopo wake ungefika Januari 19, siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Mwaka wa 2024 ndio ulioanza Januari 8, tarehe tuliyoizoea. Ina maana kwa miaka mitatu mfululizo, 2021, 2022 na 2023, mtu aliyepanga kwa kusema "Januari ni Januari" angekosea, na kila mara kwa njia tofauti.

Halafu ikaja Januari 2025. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na wale waliingia kidato cha kwanza Januari 2024. Waliokuwa nyuma yao walikuwa kwenye mtaala mpya, na waliingia gredi ya tisa wakiwa bado katika sekondari msingi. Kwa hiyo Januari 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza nchini. Hapakuwa na masanduku mapya ya bweni wala magodoro ya kidato cha kwanza, na ile orodha ndefu ambayo mzazi hutembea nayo madukani akihema haikuwepo. Anayeuza masanduku na aliyetazama mauzo ya Januari 2024 pekee ili kupanga ya 2025 alikuwa na takwimu sahihi kabisa za jambo lisilokuwepo tena. Gredi ya kumi ya kwanza ikaja Januari 2026.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu linatuhusu. Sisi ndio tunaokutumia taarifa ya mapato na matumizi ya akaunti yako. Tunakuhimiza uiombe, uisome, uitumie kupanga. Bado tunakuhimiza. Lakini taarifa hiyo ni kioo cha nyuma cha gari. Inakuonyesha barabara uliyopita, na haiwezi kujua kwamba mbele daraja limebebwa na mto. Tena hata ya nyuma haikuonyeshi yote. Pesa iliyoingia si mauzo. Ndani yake kuna mchango wa chama uliopitia kwako, elfu tano za kaka yako wa Nakuru, na siku ile mteja alilipa mara mbili ukamrudishia moja. Mauzo ya noti mkononi hayamo. Kama unatumia laini moja kwa duka na kwa nyumba, usiifanyie taarifa hiyo makisio kabla hujakaa nayo na kalamu, ukakata kila kisicho cha duka. Namba ya till ya duka peke yake ingekupunguzia kazi hiyo, lakini hata wenye till huwa tunawaona wakipokea karo za watoto humo humo.

Kitu kingine cha kukata au kukiwekea alama ni yule mteja mmoja mkubwa. Kama katika zile sweta 200 kuna 40 zilizochukuliwa na shule moja kwa mpigo, hayo ni mauzo yaliyosimama juu ya uamuzi wa mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuhamishwa. Yaandike peke yake. Mpigie simu mwalimu huyo Novemba. Akisema "tutaona", hesabu yako iandike sifuri, na sweta hizo zikinunuliwa ziwe bahati.

Na kiwango cha mkopo? Hapa tuseme ukweli hata kama unatugusa mfukoni. Kiwango unachokiona kwenye simu yako hutokana na ulivyotumia akaunti yako na ulivyolipa mikopo ya nyuma. Kinasema kitu kuhusu jana yako. Hakisemi chochote kuhusu gredi ya kumi, mvua, au duka jipya la jirani. Tunakutana na watu wanaochukua kiwango chote kwa sababu tu kimeonekana kwenye skrini, kana kwamba sisi tumeshafanya hesabu ya biashara yao. Hatujaifanya na hatuwezi. Kiwango ni kikomo tu, usikichukue kama ushauri.

Kwa hiyo geuza swali. Badala ya kuuliza "nitauza ngapi?", uliza "ni lazima niuze ngapi, kabla ya siku gani, ili kila anayenidai alipwe?" Katika mfano wetu ni 74,900 za mkopo na 27,000 za duka, jumla 101,900. Gawanya kwa 850: unahitaji kuuza sweta 120 kabla ya Januari 19. Sasa una kitu cha kubishana nacho. Je, mwaka mbaya kabisa unaoukumbuka uliuza ngapi kufikia siku hiyo? Kama jibu ni 130, kopa ulale. Kama ni 90, unacheza kamari na nguo za watoto.

Tujaribu na mkopo wa nusu, 35,000. Kwa 85,000 unapata sweta 141. Utarudisha 37,450, na ukijumlisha 27,000 za duka unahitaji 64,450, yaani sweta 76. Kwenye ule mwaka mbaya wa sweta 90 unalipa kila mtu na kubaki na 12,050 mkononi na sweta 51 kwenye rafu. Mwaka ukiwa mzuri na ukauza zote, faida ni 5,800 badala ya 18,100. Ndiyo, umeacha 12,300 mezani. Hiyo ndiyo bei ya kulala usingizi, na kila mtu aamue kama anaiweza. Sisi tungechukua mkopo mdogo, hasa kama mjini ni safari moja ya matatu, maana mwaka ukionekana mzuri unaweza kurudi kuongeza sweta kwa pesa ya mauzo ya wiki ya kwanza. Anayetoka Lodwar au Mandera kufuata mzigo hana njia hiyo ya kurudi rudi, na hesabu yake itakuwa nyingine.

Wenye kampuni kubwa wana jina refu la mchezo huu wa kuchora mwaka mzuri, wa kawaida na mbaya. Kampuni ya mafuta ya Shell ilijulikana kwa jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na Mfaransa mmoja aitwaye Pierre Wack, na bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973 wao walikuwa wamekwisha kuifikiria hali hiyo. Hawakuitabiri siku wala saa. Walikuwa tu wamekataa kuwa na picha moja. Kwa duka la Kitengela kazi hiyo ni jioni moja na daftari la shilingi 50.

Tahadhari moja kuhusu mwaka mbaya. Watu wengi wakiambiwa wauchore, huchukua mwaka mzuri na kuupunguza kidogo: mauzo asilimia 10 chini, bei asilimia 5 juu. Huo ni mwaka mzuri uliovaa koti kuukuu. Mwaka mbaya wa kweli huwa na umbo lake. Aprili 2024 wanafunzi walipaswa kurudi muhula wa pili tarehe 29. Mafuriko yakaja, na tangazo la kuahirisha likatoka saa za mwisho. Tarehe ikasogezwa hadi Mei 6, kisha ikaondolewa kabisa, na mwishowe shule zikafunguliwa Mei 13. Kwa wiki mbili hizo mauzo ya vitu vya shule yangeweza kusimama kabisa, na barabara nyingi hazikupitika hata kwa aliyetaka kununua. Chora hicho: wiki mbili za sifuri, kisha pigo la wateja wote siku tatu. Uone kama pesa yako inafika.

Na dhana inaweza kukuumiza hata ikivunjika upande wa heri. Kufikia Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, na wengi walishaamini kwamba dola hupanda tu. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Nchi ilipumua. Lakini aliyekuwa amejaza ghala bidhaa za kutoka nje zilizolipiwa kwa dola ya 160, akidhani anawahi kupanda kwingine, alijikuta akishindana na mwenzake aliyeagiza kwa dola nafuu.

Si kila dhana inahitaji kuogopwa sawa. Nyingine zinakaguliwa kwa dakika kumi. Tarehe za mihula hutangazwa na Wizara ya Elimu mapema, na hata ile Januari 23 ya 2023 haikuwa siri. Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hiyo kama nauli ya mzigo ni kubwa kwako, usifunge bei na mteja tarehe 13. Bei ya sweta mjini ni simu moja. Kubahatisha jambo linaloweza kuulizwa ni uvivu, tuseme wazi, na sisi pia tumewahi kuufanya. Kisha kuna zile ambazo hakuna wa kumpigia: mvua, ugonjwa, duka jipya. Hizo ndizo za kuwekea akiba au kupunguzia mkopo.

Kwa kila dhana nzito iliyobaki, andika karibu nayo tarehe na kitendo. Tarehe ya kukagua, na utakachofanya ukikuta imevunjika. Kwa duka letu ingekuwa hivi: "Januari 10, kama sijafikisha sweta 80, nashusha bei hadi 700, nampigia muuzaji wa mjini kuuliza kama atapokea sweta 30 zirudi, na nawapigia watu wa mkopo." Ukiiuza 700 bado uko shilingi 100 juu ya bei ya kununua, na pesa inatembea. Iandike Desemba ukiwa na utulivu, kwa sababu Januari 10 moyo utakuambia ungoje siku mbili zaidi, kisha mbili nyingine.

Kuhusu simu hiyo kwa aliyekukopesha, awe sisi au mwingine: ipige kabla ya siku ya kulipa. Anayepiga Januari 10 akisema "nina sweta 110, nimeuza 90, nitachelewa kiasi hiki" ana mazungumzo ya kufanya, na tutaangalia pamoja naye kinachowezekana. Anayezima simu Januari 19 na kuiwasha Februari anakuta ada za kuchelewa zimeongezeka na historia yake ya mikopo imeharibika, na sweta zake bado ziko rafuni.